Kilabu cha Shangazi Nisiyemjua

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Mtu aliyeendesha baa Kiirua, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki, kwa miaka niliyoendesha, ameona yote. Nimeona bwana harusi akiacha harusi ikingoja ili amalize chupa. Nimeona mbuzi akiletwa kulipia bia. Nimeona mzee wa kanisa akitokea mlango wa nyuma akiwa amejifunika leso ya mke wake. Shule niliachia darasa la tano. Nikabeba mafurushi ya miraa kule Maua, kutoka mashambani hadi kwenye pikapu zinazokimbiza mzigo Nairobi, mpaka mgongo ukawa mgumu kama ubao. Mgongo huo ndio uliojenga baa. Sikurithi hata kijiko. Baba yangu aliniachia koti, na koti lenyewe lilikuwa la kuazima.

Kila kitu kilicho nyumbani kwangu nilikinunua. Lango nilinunua, ng'ombe nilinunua, hata paka, ambaye watu wengine huokota tu, mimi nilimnunua kwa mama mmoja sokoni. Na mimi mwenyewe nilinunuliwa. Nilizaliwa nyuma ya watoto wawili waliokufa. Basi mama akanilaza kando ya njia, jirani akaniokota kana kwamba sina mwenyewe, na mama akaninunua kutoka kwa huyo jirani kwa kibaba cha njahi, maharage yetu meusi, ili kile kilichowachukua wenzangu kisinitambue. Ndivyo kwetu walivyofanya zamani kwa mtoto wa namna hiyo. Nikikataa kazi mama alikuwa akiniambia, "Njahi zangu zilipotea bure." Nilikua nikijua bei yangu. Ni wangapi wanaojua yao?

Nimeyasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekuja kutetemeshwa na mchezo wa mezani.

Mtoto wetu ni mmoja tu, msichana. Alisoma chuo Nairobi, akafanya kazi kidogo huko, kazi ikaisha, akarudi nyumbani na begi moja na mfuko wa dadu. Si dadu za kamari, hizo nazijua. Hizi nyingine zilikuwa na pande nne, nyingine nane, na moja ilikuwa na pande ishirini, imeviringana karibu kama ndimu. Akaniomba meza ya nyuma ya baa, Jumapili baada ya kanisa, kabla sijafungua. Nikamwambia meza ipo, mradi wanunue soda.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Mmoja ni msimulizi, na huyo alikuwa binti yangu. Anawaambia wenzake wako wapi, wanaona nini, ni nani anabisha hodi. Kila mmoja wa wale wengine ni mtu fulani ndani ya hadithi, naye anasema atafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua jambo litakwendaje, dadu inarushwa. Basi. Watu wazima na akili zao wanakaa mchana mzima wakipigana na joka ambalo halipo. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa mchawi. Msichana anayeuza mitumba stendi alikuwa mwizi, na alivyokuwa akiiba kwa furaha, nilianza kumhesabia chupa zangu. Wa tatu wao alipata kazi Isiolo akaondoka, kiti kikabaki.

"Baba, kaa," binti yangu akasema. "Tunahitaji mtu wa kuendesha kilabu."

"Kilabu gani?"

"Shangazi yako amefariki. Amekuachia kilabu cha pombe penye njia panda, chini ya mlima."

"Shangazi yupi?"

"Hukumjua."

"Nitarithije kwa mtu nisiyemjua? Ndugu zake wako wapi? Hapo kesi itakuja."

Yule wa mitumba alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Mzee, si upokee tu!"

"Mimi sirithi. Nionyesheni anayeuza."

"Baba."

"Haya, nimerithi. Pombe ya kwanza ilipe nani?"

Kisha wakaniambia nichague jina. Mwalimu alikuwa na jina refu la kichawi ambalo yeye mwenyewe alilikosea mara kwa mara. Nikawaambia mimi nina jina langu, sitaitwa jina la uongo kama mtu anayekimbia mahakama. Binti yangu akajaribu kunieleza kwamba yule wa hadithi si mimi. Nikamwuliza, "Nani anajua kuendesha kilabu hapa, mimi au yeye?" Wakaniacha na jina langu. Kumbuka hilo.

Na nakwambia nilikiendesha! Kwanza nikatia waya kwenye kaunta. Mwalimu akasema katika ulimwengu ule hakuna waya wa kaunta.

"Chuma kipo?" nikamwuliza.

"Kipo."

"Walevi wapo?"

"Wapo."

"Basi waya wa kaunta upo."

Kulikuwa na watu wafupi wenye ndevu waliotoka kuchimba migodi, waliozoea kunywa leo na kulipa mwezi ukiisha. Nikawafundisha kulipa kwanza. Joka moja dogo lililokuwa likisumbua kijiji nikaliandika kazi ya kuchoma nyama. Yule mwizi wa mitumba akaniambia hajawahi kuona mtu akitajirika haraka hivyo katika mchezo huu, na sikumbishia. Katikati ya wiki, nikipanga kreti, nilijikuta nikiwaza paa la kile kilabu, ni mbao gani ningeweka.

Ndipo mgeni akaja.

Binti yangu alishusha sauti akamleta. Mwanamume mrefu, koti limelowa linadondosha maji, na nje ni kiangazi. Akaketi karibu na mlango. Hakuagiza chochote.

Sasa, mlevi simwogopi. Mwenye panga naweza kumzungumzisha. Lakini mtu anayekaa baa bila kuagiza, huyo ndiye wa kuogopa. Ama ni askari, ama ni mume wa mtu, ama amemfuata mtu. Nikamwuliza atakunywa nini. Hakujibu. Jumapili iliyofuata akawa palepale, koti bado linadondosha. Pombe yangu ikaanza kuchacha kwenye mapipa. Maji ya kisima yakawa machungu. Wale wafupi wakahamia kilabu kingine. Nilikuwa nimeketi chini ya mabati yangu mwenyewe, jua liko nje, na mikono imekuwa baridi. Nikasingizia upepo wa mlimani.

"Unataka nini hapa?" nikamwuliza mwishowe.

"Shangazi yako alijua," binti yangu akajibu kwa ile sauti ya chini. "Wewe bado. Nitakuondokea, na pombe yako itakuwa tamu, na maji yatakuwa maji. Nipe tu kitu cha kwanza kitakachoingia nyumbani kwako bila wewe kukinunua."

Mwalimu aliacha kutafuna njugu. Binti yangu alikuwa akinitazama machoni, akisubiri.

Mimi nikacheka. Haki, nilicheka. Biashara rahisi kama hiyo sijawahi kuletewa tangu Maua. "Kwangu? Uliza hawa. Kwangu hakuna kisichonunuliwa, hata paka. Chukua!" Na kwa sababu nilitaka jambo liishe vizuri, nikachovya kidole kwenye soda, nikanyunyiza sakafuni, nikaapa vile nilivyoona wazee wakiapa nikiwa mdogo. Nikataja jina langu, jina la baba yangu, na ukoo wetu.

"Mzee ni moto!" yule wa mitumba akapiga meza.

Binti yangu hakucheka. Uso ulikuwa umebadilika rangi kama jivu lililomwagiwa maji. Akakusanya dadu moja moja. "Tuishie hapo," akasema, kwa sauti yake sasa. Akatoka. Moja aliisahau, ile ya pande ishirini. Nikaitia mfukoni.

Jioni nilimkuta mke wangu akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Amekwambia?"

"Nani?"

"Msichana wako. Alisema leo ndiyo siku, atakwambia hukohuko mezani kwenu. Ana mimba. Miezi minne." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Na kabla hujauliza, aliyempa mimba yuko Nairobi, na huyo hatumzungumzii leo."

Watu husema miguu iliisha nguvu. Yangu haikuisha. Ilisimama imara kabisa, ila mimi sikuwa juu yake. Niliona maneno yangu yakirudi moja baada ya jingine kama ng'ombe wanaoingia zizini. Kitu cha kwanza. Kitakachoingia nyumbani kwako. Bila wewe kukinunua.

Usiniambie ilikuwa mchezo. Najua ilikuwa mchezo. Mimi ni Mkristo, nakaa kiti cha tatu kutoka mbele. Lakini kwetu mtu hatazami ulisema ukiwa wapi, anatazama ulisema nini na kwa jina la nani. Baba akimwambia mwanawe neno baya kwa hasira, haitoshi kusema baadaye alikuwa amelewa. Neno limekwisha kutoka. Na mimi sikuapa kwa jina la hadithi. Niliapa kwa langu. Zaidi ya hapo, binti asiyeolewa akijifungua mtoto wa kiume, mtoto huyo huitwa jina la baba ya mama yake. Kwa hiyo huyo aliyekuwa njiani, akiwa mvulana, angekuja amebeba jina lilelile nililoapia. Nilikuwa nimetia sahihi kwa mdomo, na mdhamini akawa yeye.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameenda Runyenjes kwa mama yake mdogo, ambaye ameolewa huko na analima kahawa. Nilipiga simu mpaka mashine ikanichoka. Siku alipopokea, nilisikia kuku na mvua nyuma yake.

"Ungeuliza tu, baba."

"Ningeuliza nini?"

"'Ni kitu gani hicho?' Mtu yeyote akiambiwa maneno kama yale, huuliza. Nilikuwa nimejipanga. Ungeuliza, ningekwambia hapohapo, mbele ya wenzangu, usinipigie kelele."

"Sasa nauliza."

"Sasa ulishampeana."

"Ilikuwa mchezo, mama."

"Najua ilikuwa mchezo, mimi ndiye niliutunga. Lakini nilikuwa nimekaa hapo na mtoto wangu tumboni, nikimsikia baba yangu akimpeana, akicheka. Kwa jina lake na la baba yake." Akavuta pumzi. "Mtoto huyu sitamleta kwako."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyepewa kijiti cha moto.

Nikaanza kuogopa vitu ambavyo sikuwahi kuvitazama. Mtu akinipa zawadi ya kuku, nilimlipa palepale, akakasirika. Jirani alileta maziwa, nikamkuta langoni na sarafu mkononi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuviacha viingie: kitu kingine kikiingia kwanza bila kununuliwa, basi hicho ndicho kichukuliwe. Halafu nikaogopa wazo hilo, ndipo nikaanza kulipa. Ni nani aniambie kwamba kuku anatosha? Yule mgeni akimkataa kuku, si atakuwa ameudhika? Basi nikawa silali, na wala sisemi.

Alasiri moja ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka barabarani, magari yakawa yanawasha taa mchana. Niliinua kichwa kutoka kwenye kaunta na pale karibu na mlango alikuwa ameketi mwanamume mrefu. Koti linadondosha. Hakuna chupa mbele yake.

Nilishuka nyuma ya waya wangu. Nasema nilishuka, niliinama, mtu mzima wa kilo zangu. Mhudumu wangu, mama mwenye umri wangu, akanitazama kutoka juu. "Boss, umeangusha nini?"

"Mwulize yule anataka nini."

"Si umwulize wewe? Amekutazama."

Nikasimama. "Habari yako. Unatafuta nini?"

"Nangoja mzigo wangu," akasema.

"Mzigo gani?"

"Wameniambia uko njiani. Utapita hapa."

Nilimwambia, na nakumbuka kila neno, "Kwangu hakuna mzigo wako. Mwenyewe hajakubali. Mama yake hajakubali." Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayezungumza na ukuta. Lori likapiga honi nje, limejaa viazi, magurudumu yote tope. Lilikuwa limekwama shambani tangu asubuhi na yeye ndiye mnunuzi. Akatoka akikimbia, koti juu ya kichwa. Mlangoni akageuka.

"Mzee, mwenye viazi si amekubali tangu jana?"

Mhudumu wangu alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Mimi sikupona. Kujua kwamba huyu alikuwa mtu wa viazi hakukunisaidia, maana sasa nilijua nitamwona katika kila koti.

Nilimwendea mwalimu, nikamkuta akisahihisha vitabu. Nikamwomba arudishe mchezo nyuma.

"Mzee, mimi ni mchawi tu," akasema. "Msimulizi ndiye mwenye hadithi."

"Wewe ni mtu wa hesabu. Hakuna njia?"

Akafikiri, kweli akafikiri, sikumwona akinidharau. "Katika mchezo wetu, mkataba huwezi kuuvunja. Lakini unaweza kuusoma vizuri."

Nilimwendea pasta pia. Akaniambia niombe, na tena nifunge baa. Nikaomba.

Mimba ilipofika karibu na mwisho, presha ya binti yangu ikapanda. Mama yake mdogo akampeleka hospitali moja mjini Embu, na mke wangu akanipigia akiwa tayari amevaa viatu, nikasikia katika sauti yake kitu ambacho hata siku ya kumzika mama yake sikukisikia. Niliendesha gari kupitia Meru na Chuka, kona zile zote za kushuka mitoni, huku nikiongea peke yangu. Nilikuwa nikibishana bei. Nikampa mgeni baa. Nikampa ng'ombe. Nikampa mgongo huu, ambao bado una kazi ndani yake. Mke wangu pembeni alikuwa akiomba na hakuniuliza ninazungumza na nani.

Embu ilikuwa imenyeshewa tangu alfajiri. Na hapo ndipo niliona kipimo cha woga wangu, kwa sababu kila aliyeingia ule mlango wa wodi alikuwa na koti lililolowa. Kila mmoja! Wanaume warefu, wafupi, wamama wenye vikapu, daktari mwenyewe. Nikasimama katikati ya mlango kama mlinzi wa baa siku ya mwisho wa mwezi.

"Mzee, kaa chini, unazuia watu," nesi akaniambia.

"Nitasimama."

"Unamzuia nani?"

Sikuwa na jibu ambalo lingeniacha nje ya wodi nyingine. Nikakaa kwenye benchi, nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika ile dadu mpaka pembe zake zikaniandika kiganjani. Wakamtoa mtoto kwa upasuaji. Mke wangu alitoka akilia, na nilipomwona analia sikuweza kuinuka kwenda kusikia.

"Ni mvulana," akasema. "Wote wawili wako salama. Kwa nini umefunga macho?"

Nikafungua. Mvulana. Jina langu.

Walikaa Runyenjes mpaka kidonda kikapona. Niliwatembelea na ucuru, ule uji wetu mchachu wa mama aliyejifungua, uliopikwa na mke wangu. Binti yangu aliupokea, akasema asante, baba, kama unavyomshukuru karani. Mtoto sikumbeba. Nilisema nina mafua. Kila mara mtoto alipopiga chafya nilihisi mtu nyuma yangu. Mwishowe yule mama mdogo ndiye aliyempigia binti yangu kelele, akamwambia mtoto hulelewa kwao, wewe si mkimbizi, kahawa yangu inangoja kuchumwa. Basi binti yangu akakubali kuja nyumbani. Kujaribu, alisema. Kujaribu tu.

Siku hiyo nilifunga baa, na ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa langoni tangu mapema, na manyunyu yanashuka. Gari la kukodi likaja, mke wangu mbele, binti yangu nyuma na mtoto amefunikwa shuka la manjano. Dereva akapiga honi nifungue.

Sikufungua.

Nilishika komeo kwa mikono miwili. Dereva akapiga tena. Mke wangu akashusha kioo. "Wewe! Mtoto anapata baridi!"

"Asiingie," nikasema.

Binti yangu akafungua mlango akashuka, polepole kwa ajili ya kidonda. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Nilijua," akamwambia mama yake. "Si nilikwambia? Anaona aibu. Turudi."

"Si aibu," nikasema. "Naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulisema mbele ya mtu, achilia mbali mbele ya dereva. Lakini lilipotoka, mengine yakalifuata. Nikamwambia yote. Mtu wa viazi. Kuku niliyemlipia. Mlango wa wodi. Nikamwambia, akivuka lango hili, ndiye wa kwanza kuingia ambaye sikumnunua, na mimi niliapa kwa jina ambalo sasa ni lake. Sitaki kukuona wewe ukiniangalia siku hiyo ikifika. Nilikuwa nalia au yalikuwa manyunyu, dereva ndiye anajua, na nilimwambia asijue.

Binti yangu alisimama pale na shuka la manjano. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu akiwa mdogo.

"Baba, umekaa na hilo peke yako muda huu wote?"

"Ningemwambia nani?"

Mke wangu akatoka garini akiwa amekaza leso kiunoni, vile hufanya kabla ya kumtoa mlevi nje. "Mnanichosha, wote wawili. Wewe," akaninyooshea kidole, "mama yako hakukununua? Kwa njahi? Si ndiyo hadithi unayompigia kila mteja? Unaogopa nini ambacho hukununua, na duka liko mbele yako? Nunua!"

Tukatazamana, mimi na binti yangu.

"Yule mgeni," nikamwuliza, na sauti haikuwa yangu. "Atakubali?"

Alifikiri kwa uzito, kama afanyavyo mezani mtu akimwuliza sheria. Alimtazama mtoto. "Alisema bila wewe kukinunua. Mimi ndiye msimulizi. Akinunuliwa kabla ya kuvuka, si wake tena. Hana la kusema."

"Apa."

"Sitaapa. Katika familia hii kuapa kumetosha." Kisha akasogea mpaka kwenye lango, mtoto kifuani, chuma katikati yetu. "Unanunua au hununui, mzee? Nina wateja wengine."

"Bei gani?"

"Kila kitu kilicho mfukoni."

Maisha yangu yote sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nilinunua kiwanja cha baa kwa kubishana mpaka mwenyewe akaugua. Mdomo ulifunguka wenyewe kusema nusu, nikaufunga. Nikageuza mfuko wa kulia, nikageuza wa kushoto, nikageuza ule mdogo wa ndani wa koti ambao mke wangu hakuujua na sasa anaujua. Noti zilikuwa zimelowa. Ile dadu ilitoka pamoja na sarafu, naye akaichukua, akasema hiyo ni yangu, ulikuwa umeniibia. Nikapitisha pesa juu ya lango, yeye akapitisha mtoto, na dereva akawa shahidi. Mtoto alikuwa na joto na alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Mke wangu alihesabu pesa kwa sauti, ili yeyote aliyesimama karibu na koti lililolowa asikie vizuri, kisha mimi nikafungua lango kwa bega wapite, nikaingia naye nyumbani. Shilingi elfu mbili mia nane na thelathini na tano.